Samaki wa Jiwe la Kufulia

Jiwe lililobaki kwa ajili ya kaburi la mke wangu lilikuwa nene mno. Mengi ya siku ile nayajua kwa kusimuliwa: nani alikuja, nani alilia, nani aliongoza dua. Jiwe nalikumbuka mwenyewe.

Kijijini kwetu, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ardhi inapoteremka kuelekea Mvuha, hatufuniki mwanandani wa kaburi kwa mbao. Nilipokuwa mtoto niliona mbao zikitumika. Siku hizi mti haukatwi bila kibali, na mbao za kununua huliwa na mchwa mapema. Kwa hiyo tunatumia mawe bapa. Mto wetu ukishashuka kutoka juu hupita mahali penye mawe ya rangi ya majivu, yamelaliana kama chapati, na mtu akiyapiga tindo ubavuni yanaachana. Nyumba ya watu wazima huwa na mawe yake yameegeshwa nyuma ya jiko, yanangoja siku. Hayamtishi mtu. Kuku hulala juu yake.

Ya kwetu niliyaleta kutoka mtoni nikiwa bado na mgongo wa kubeba. Mke wangu aliyatazama, akalichagua lililokuwa nene kuliko yote, akalilaza karibu na pipa la maji, akaanza kufulia nguo juu yake.

Nikamwambia, "Mama, hilo ni la kaburi."

Akasema, "Na lifanye kazi kwanza. Kifo kikija kitalikuta safi."

Akafulia juu yake miaka yote ya ndoa yetu iliyobaki. Watoto wetu walifulia hapo sare zao za shule. Sabuni na viganja vikalilainisha upande wa juu mpaka likawa linang'aa likilowa.

Alipofariki, baada ya kuugua muda mrefu, tulikuta mawe mawili kati ya yale ya nyuma ya jiko yamepasuka. La akiba lilikuwa moja tu, kwa hiyo likabaki pengo moja. Wakabeba jiwe la kufulia.

Wasiojua namna yetu ya kuzika nitawaeleza kidogo. Kaburi likishachimbwa, chini kabisa huchongwa shimo la ubavuni, upande wa kibla. Hilo ndilo mwanandani. Maiti huingizwa humo, hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, kisha mawe husimamishwa nyuma ya mgongo wake yakiegemea ukuta, ili udongo unaorudishwa usimguse. Jiwe la kufulia halikuweza kusimama hivyo. Lilikuwa nene mno, lingeziba nafasi.

Mchimbaji alikuwa mtani wangu. Ni jirani yetu, fundi wa mawe, na ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa desturi yetu, mtani ana ruhusa msibani asiyokuwa nayo mtu mwingine. Anaweza kumdhihaki marehemu. Anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Anaweza kuchukua kitu chochote cha msiba akaondoka nacho, na hakuna wa kumuuliza. Siku ile alikwisha kulala kaburini, alikwisha kupewa kuku, na sasa alikuwa amesimama ndani yake akilitazama jiwe.

"Hata jiwe lake ni nene kama mwenyewe zamani," akasema, na watu wakacheka, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

Akaomba tindo na nyundo. Akalipiga ubavuni polepole, akilizunguka. Likatoa mlio kama wa mlango, likafunguka sehemu mbili. Ndani yake kulikuwa na samaki.

Alikuwa na urefu wa kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Kwenye kipande kimoja alikuwa yeye mwenyewe, mweusi, ameinuka kidogo juu ya jiwe, na magamba yake yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Kwenye kipande cha pili palikuwa na shimo lenye umbo lake.

Mtani akapiga ukelele. "Mnaona! Miaka yote huyu mama anatulisha mchicha, kumbe kitoweo kakificha kwenye jiwe!"

Mzee mmoja wa msikitini akasogea. "Hiyo ni picha ya kiumbe. Haifai kuingia kaburini."

"Picha kaichora nani?" mtani akamjibu kutoka shimoni. "Wewe? Mimi kuku tu sijui kumchora."

"Muulizeni Maalimu."

Wakanigeukia. Mimi ndiye mwalimu wa madrasa ya kijiji, na kwa miaka mingi ndiye ninayeulizwa mambo kama hayo. Nakumbuka nilikuwa natazama miguu yao, jinsi udongo ulivyokuwa umekauka kwenye vidole. Nikasema, "Alichokiumba Mwenyezi Mungu si picha." Bado naamini lilikuwa jibu sahihi. Lakini nililitoa kama mtu anavyoitikia salamu ya mpita njia.

Vipande vyote viwili sasa vilikuwa vyembamba vya kutosha. Kingetosha chochote. Mtani akavipima kwa macho, akakichukua kile chenye samaki.

"Mpeni huyu mwenye nyama," akasema. "Shimo atakula nini?"

Akakisimamisha nyuma ya mgongo wa mke wangu, samaki akitazama ndani. Kile cha shimo akakiweka kichwani mwa kaburi, tulipomaliza, kiwe shahidi, yaani alama ya kujua marehemu amelala wapi. Nikasoma talakini, yale maneno anayosomewa marehemu akishazikwa. Sauti yangu, waliniambia baadaye, haikutetereka hata mahali pamoja. Walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Subira naijua, nimeisomesha, ina uzito wake. Hii haikuwa na uzito wowote.

*

Siku zilizofuata nilikula nilicholetewa. Nilikuwa nikishika kikombe cha chai ya moto na kukishikilia, mpaka mtu ananiambia, "Maalimu, utaungua." Niliswali kila swala kwa wakati wake na nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa ulimi, kwa sababu ulimi ulikuwa umeshazoea njia. Namshukuru hata sasa kwamba hakunitaka zaidi ya hapo.

Binti yetu wa mwisho alifika siku iliyofuata mazishi. Yeye hufanya kazi Dar es Salaam, kwenye karakana ya chuo, kusafisha visukuku, yaani mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe. Alikuwa akisomea pia shahada ya juu kuhusu samaki wa kale. Mama yake alipofariki, alikuwa kusini kabisa na mwalimu wake, porini, ambako simu haishiki. Habari ilipomfikia tulikuwa tumekwisha kuzika. Kwetu maiti hasubirishwi, na yeye alilijua hilo.

Alishuka kwenye bodaboda akiwa na buti zenye udongo mwekundu wa huko alikotoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Nikampeleka kaburini.

Alisimama mbali kidogo, mikono ameikumbatia. Kisha akasogea, akachuchumaa kichwani mwa kaburi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikageuka ili nimwachie nafasi alie. Niligeuka tena nilipomsikia akipuliza. Alikuwa akipuliza vumbi kwenye jiwe. Akatoa simu, akawasha taa yake, akaiinamisha ubavuni ili mwanga upite juu ya lile shimo.

"Baba," akasema, "nusu ya pili iko wapi?"

Hilo ndilo neno la kwanza alilosema mbele ya kaburi la mama yake. Baba mwingine angekasirika. Mimi nilinyoosha kidole chini.

*

Aliporudi nyumbani aliketi pale palipokuwa jiwe, karibu na pipa, ambapo sasa palikuwa na alama ya mraba isiyo na nyasi. Akacheka peke yake, kicheko kibaya.

"Nimezunguka nchi nzima natafuta samaki," akasema. "Nimefulia juu yake tangu darasa la kwanza."

Akanieleza. Milima yetu yenyewe, alisema, ni ya mawe yaliyopikwa na moto wa chini ya ardhi, hayawezi kuwa na samaki wala jani. Lakini yale mawe ya mtoni ni matope ya ziwa la kale, yaliyotulia tabaka juu ya tabaka kabla ya kuwepo mtu. Katika mawe yale ya kwetu hakujua mtu yeyote aliyewahi kuonyesha samaki mwenye kichwa kizima. Magamba mojamoja, ndiyo. Kichwa, hapana. Mwalimu wake, alipotumiwa picha, alimpigia simu mara moja na kumwambia kwamba akimpata yule samaki kazi yake yote ya masomo itasimama juu yake.

"Na usipompata?"

"Nitarudi kusafisha mifupa ya watu wengine, baba. Nitaendelea tu."

Kisha akasema lile nililokuwa nikilingoja.

"Kaburi bado bichi. Lile jiwe limeegemea tu. Mtu akishuka kwa nyuma anaweza kulitoa na kuweka jingine. Hamgusi mama."

"Udongo ukianguka?"

Akapapasa ile alama ya mraba kwa kiganja.

Nikamwambia nitamjibu baada ya hitima. Akakubali. Amelelewa vizuri, na mwenye kumlea alikuwa mama yake.

*

Hitima ikapita. Nilikuwa na siku ya kliniki ya presha Morogoro Mjini, nikashuka. Binti yangu alikuwa ameazimwa meza kwenye maabara ya chuo pale mjini, ili asiwe mbali nami, na aliniomba nipite nione anachokifanya.

Kilikuwa chumba cha kawaida, chenye madirisha ya vioo yanayotazama mlima. Mezani palikuwa na jiwe dogo, taa na kioo cha kukuzia. Alikuwa na sindano iliyochomekwa kwenye kipini cha mbao. Akaniketisha karibu yake akaendelea na kazi. Alikuwa akiondoa chembe ya mchanga, anapuliza, anatazama, anaondoa nyingine. Nikakaa muda mrefu. Sikuchoka. Ndivyo ninavyowafundisha watoto herufi, moja, kisha nyingine, na anayeharakisha anarudishwa mwanzo.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Samaki pia. Wa nchi nyingine, wameniazima. Ona hapa." Akanisogezea kioo. Niliona vigae vidogo vimepangwa, kila kimoja kimelala juu ya mwenzake. "Baba, watu wengi wanadhani mfupa ulianzia ndani. Haukuanzia ndani."

"Ulianzia wapi?"

"Kwenye ngozi. Samaki wa kwanza wenye mfupa, wa kale sana kuliko huyu na kuliko wa kwetu, ndani walikuwa na gegedu tu, kama la sikio. Mfupa walikuwa wameuvaa. Kichwa kizima kimefunikwa na vigae vya mfupa, kama kobe. Hata taya hawakuwa nazo, wanafyonza matope tu."

"Sasa kwa nini waliuvaa nje?"

"Wanabishana. Wengine wanasema ni kinga wasiliwe. Wengine wanasema ni ghala, mwili unaweka akiba ya madini. Ukweli hatujui."

Nilipenda alivyosema hatujui. Nimewasomesha wengi wasioweza kulitamka neno hilo.

"Na huu wa ndani?"

"Ulikuja baadaye, gegedu likaanza kugeuka mfupa kidogo kidogo. Lakini ile ngozi ya mfupa haikutuacha, baba. Hapa juu ya kichwa chako ni ileile. Na hapa." Akaweka kidole kwenye mtulinga wake, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. "Kwa samaki huu umeshikana na kichwa, nyuma ya matamvua ya kupumulia. Kwetu umeachana nacho. Ndiyo maana unaweza kugeuza shingo."

Niliugusa wa kwangu. Katika madhehebu yetu mume anaruhusiwa kumwosha mkewe, na wanawake waliokuwa wakimwosha mke wangu waliniita nimmiminie maji ya mwisho, yale ya karafuu maiti. Alikuwa amekonda. Maji yalituama kwenye kishimo cha juu ya mtulinga wake, kama kwenye jani, na yakakaa pale mpaka mama mmoja akayafuta kwa pamba. Tangu siku ile sikuwa nimelikumbuka jambo hilo. Nililikumbuka pale, kwenye kiti cha maabara, na nikaona nalitazama tu, kama kitu kilicho upande wa pili wa kioo.

Nitasema jambo moja kuhusu imani, kwa kuwa vijana huniuliza. Nimesomesha miaka mingi ile habari ya mtu aliyemjia Mtume na mfupa mkavu, akausaga mkononi na kuuliza ni nani atakayeupa uhai tena, na jibu lake: Yule aliyeuumba mara ya kwanza. Sikuwahi kujiuliza mara ya kwanza ilikuwaje, wala ilichukua muda gani. Binti yangu ndiyo kazi yake kuuliza hivyo. Nilimsikiliza na sikuona kitu chochote changu kikivunjika. Labda ni imani. Labda ni kwa sababu wakati ule hakuna kitu changu ambacho kingeweza kuvunjika zaidi.

Akazima taa ya meza. "Baba, umefikiri?"

Nilikuwa nimefikiri. Sheria yetu haifungi kabisa mlango wa kufukua kaburi. Maiti akizikwa bila kuoshwa, anaweza kufukuliwa. Mali ya mtu mwingine ikizikwa naye, mwenyewe anaweza kuidai. Niliutafuta mlango huo kwa uaminifu, na sioni aibu kusema nilitaka kuupata.

"Jiwe lilikuwa la nani?" nikamuuliza.

"La mama."

"Basi hakuna mwingine wa kulidai."

"Nilifulia hapo mimi kuliko yeye." Alijaribu kucheka.

"Mama, siwezi. Tumemfunika, tumemsomea, tumemwaga udongo. Amri ya kumfungua haiko kwangu."

"Ile nusu ya juu ni shimo tu, baba." Sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Mfupa wenyewe uko chini. Mfupa ukiukata mwembamba unaona ulivyojengwa, mstari kwa mstari, kama mti. Shimo haliwezi kunionyesha hilo. Hakuna kitu kingine kitakachonionyesha hilo! Unajua unaninyima nini?"

"Ndiyo."

"Unajua?"

"Umenieleza vizuri. Najua."

Akanitazama kwa muda. Nadhani alikuwa akitafuta usoni kwangu mtu wa kugombana naye, na hakumkuta. Akachukua kitambaa akaifuta sindano.

"Na lile la juu?" akasema mwishoni. "Masika yanaanza. Mvua ikilipiga msimu mmoja tu, hata shimo halitakuwepo. Angalau hilo."

Hilo nalo lilikuwa gumu, kwa sababu nyingine. Kwetu kitu kilichopelekwa kaburini hakirudi nyumbani. Si dini, ni desturi, lakini mwalimu wa madrasa akiwa wa kwanza kuvunja desturi ya makaburi, kesho nani atamsikia katika lolote? Nikamwambia, "Mimi siwezi kulitoa pale."

Akanisindikiza mpaka stendi. Aliniwekea chupa ya maji kwenye mfuko na kuniambia, "Fika salama, baba." Alibusu mkono wangu, kama kawaida, na midomo yake ilikuwa mikavu.

*

Jioni ile mtani wangu alikuja barazani kunywa kahawa, kama anavyofanya siku zote. Aliniuliza binti yangu yuko wapi, mbona hakurudi nami. Nikamweleza yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipasua jiwe. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Nilipofika mahali pa mfupa na shimo, akakiweka chini.

"Kumbe nilimpa marehemu kile cha thamani."

"Hukujua."

"Ningejua ningegeuza." Alikuwa hajawahi kuzungumza nami hivyo kuhusu marehemu, bila mzaha ndani yake. "Ilikuwa ni kugeuza mkono tu, Maalimu."

Akanywa kahawa iliyobaki, akaaga.

Siku chache baadaye binti yangu alikuja kuniletea dawa. Alinisalimu, akakaa jikoni, hatukuzungumza juu ya samaki. Nje kulikuwa na manyunyu ya kwanza. Mara tukasikia mtu anabisha hodi kwa kelele kama za mwenye ugomvi, na mtani akaingia uani ameinama, jiwe kichwani, nguo zimelowa mgongoni.

"Maalimu! Nimeiba!"

Nikatoka. Majirani wawili waliokuwa wakipita njiani wakasimama.

"Umeiba nini?"

"Shahidi wa mkeo. Nimeng'oa mchana kweupe, nimeweka jingine zuri kuliko hili, hili nimelipenda mimi. Shahidi gani ana shimo la samaki? Malaika wakija watadhani ni hoteli!"

Majirani wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Aa, mtani huyo, mwacheni."

"Nani atanishtaki?" mtani akaendelea, akiwageukia. "Wewe? Wewe? Mtani ameiba msibani, imekwisha. Na sasa ni mali yangu, na mali yangu nampa nimtakaye." Akamgeukia binti yangu aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko. "Wewe mtoto, mama yako amekula nyama. Shimo lako hili. Chukua kabla sijabadili mawazo."

Akalilaza pale pale kwenye alama ya mraba isiyo na nyasi, karibu na pipa.

Binti yangu alicheka. Kisha akaketi chini, kwenye matope ya ua, mbele ya mwanamume asiye ndugu yake na majirani wawili, na akalia kwa sauti. Ndipo nilipotambua kwamba alikuwa hajalia bado. Mtani akasimama pale, maji yanamtiririka kwenye kidevu, hajui aweke wapi mikono.

"Nataka kuku," akasema hatimaye, taratibu.

Nikampa jogoo.

*

Kazi aliifanya uani kwetu. Alilisafisha jiwe kwa brashi laini, likakauka kivulini, akalizungushia ukuta wa udongo wa mfinyanzi. Kisha akachanganya kwenye bakuli kitu kama mpira ulioyeyuka, akaumimina ndani ya shimo la samaki polepole, kutoka pembeni, ili usibebe mapovu. Akaniambia tusubiri ugande. Tukakaa. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka miguuni. Nilimsomea mama yake kimoyomoyo, na yeye nadhani alikuwa akihesabu dakika zake.

Alipoubandua, ulitoka bila kuchanika. Akaugeuza juu ya kiganja.

Samaki alikuwa pale, ameinuka, kama alivyokuwa kwenye jiwe la chini siku ile kaburini. Fuvu, vigae vya shavuni, taya yenye meno madogo, magamba safu kwa safu. Kilichokuwa shimo kilikuwa sasa mwili. Ndani ya mwili huo hamna kitu, ni mpira tu, na binti yangu aliniambia wazi kwamba hautamwonyesha mfupa ulijengwa vipi, na kwamba mwalimu wake angesikitika. Lakini umbo lote lilikuwapo, na kwa umbo peke yake angeweza kuanza.

"Gusa, baba."

Nikapitisha kidole. Nyuma ya kichwa, pale yalipoishia matamvua, palikuwa na mfupa mwembamba uliopinda. Sikuuliza ni upi. Kidole changu kilisikia mikunjo yake midogo, mmoja baada ya mwingine. Nikakiacha hapo.

"Baba," akasema. Hakuwa akimtazama samaki tena. "Mama mlimlazaje?"

Hakuna aliyekuwa amemweleza. Sote tulidhani ameelezwa na mwingine, na yeye tangu siku ya kwanza alikuwa ameuliza juu ya jiwe tu, na mimi nilikuwa nimemjibu juu ya jiwe tu.

Nikamwomba mkono. Nikauweka juu ya goti langu, ubavu wa kulia chini, kiganja kikielekea upande wa kibla.

"Hivi," nikamwambia. "Shavu lake tuliligusisha udongo. Vifundo vya sanda tulivilegeza. Hapa mbele yake ni ukuta wa udongo, mkavu, mtani alikuwa ameuchonga vizuri. Mawe yako nyuma."

Nikachukua samaki wa mpira, nikamsimamisha nyuma ya mkono wake, karibu na vifundo vya vidole, akiuelekea.

"Na huyu yuko hapa. Kwenye mgongo wake. Kwenye mabega."

Binti yangu aliutazama mkono wake kwa muda mrefu, hakuusogeza. Mvua ikaanza tena, na tukahamisha jiwe chini ya paa, mimi upande mmoja, yeye upande wa pili.